Nyuzi za Buluu Kwenye Kalenda

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kujitapa, cherehani ya Fundi ilikuwa imeshaanza kunguruma. Ilikuwa cherehani ya miguu, nzito kama ng'ombe mwenye mimba, na kelele zake ziliwaamsha watu hadi mtaa wa pili. Panya wa nyumba ile walikuwa viziwi wote. Kama huamini, basi. Lakini paka wa pale alinenepa bila kukimbia hata siku moja.

Fundi alikuwa mama mnene, mwepesi wa kucheka, na utepe wa kupimia ulikaa shingoni mwake tangu anapoamka hadi anapolala. Hakuandika kazi za wateja kwenye daftari. Ukutani alikuwa na kalenda moja kubwa ya karatasi ngumu, mwaka mzima kwenye ukurasa mmoja, kila siku na kisanduku chake. Mteja akileta kitambaa, Fundi alikata kipande kidogo kama ukucha, akakishona kwa mishono miwili katikati ya siku ambayo mteja angekuja kuchukua nguo yake. Nguo ikiisha, kipande kilifumuliwa. Kwa hiyo kalenda ile ilionekana kama shamba la maua, na nyuma yake ilikuwa na matundu mengi kuliko chekecheke.

"Karatasi hii ina akili kunishinda," Fundi aliwaambia wateja. "Mimi nimesahau mpaka mwaka niliozaliwa, lakini yenyewe haijawahi kunidanganya."

Binti yake alikuwa na miaka kumi na miwili. Wateja walimwita Sindano, kwa wembamba wake na pia kwa mdomo wake. Kila siku kabla ya shule aliteka maji bombani, ndoo mbili, akafagia vipande vya nguo sakafuni, akatia makaa kwenye pasi. Na kila siku, akipita dirishani, aliigusa cherehani ndogo ya mkono iliyokaa pale chini ya kitambaa cheupe. Mama yake alikuwa ameahidi: siku moja Sindano angekaa pale.

Hiyo siku moja ilikuwa bado haijafika. Aliyefika alikuwa Pamba.

Pamba alikuwa mtoto wa mama mdogo wake Sindano, mkubwa kwa Sindano kwa mwaka mmoja na nusu. Bibi yao alimpa jina hilo kwa sababu ya mashavu yake. Mama yake alipopata kazi ya mbali, Pamba aliletwa na sanduku moja na mto wake, akalala kitanda kimoja na Sindano. Mwanzoni mambo yalikuwa matamu. Sindano alimwita "dada", wakacheka usiku mpaka wakagongewa ukuta.

Kisha Pamba akavunja ungo. Fundi alimfurahia kama aliyefaulu mtihani. Alimshonea vitambaa laini vya kutosha, akamweleza jinsi ya kuvifua na kuvianika juani, kisha akamkabidhi sindano na uzi wa buluu uliozungushiwa kijiti.

"Huu ni wako peke yako," alisema. "Kila siku unayotoka damu, shona mshono mmoja kwenye kalenda, kwenye kona ya chini ya kisanduku cha siku hiyo. Siku ukiulizwa, hutababaika. Kalenda itakujibia."

"Na mimi?" Sindano aliuliza.

"Wewe subiri siku yako, mama."

"Nichague tu rangi. Kijani."

"Utachagua siku hiyo ikifika. Hapa hatuweki akiba ya damu," Fundi akacheka, na mteja mmoja aliyekuwa akipimwa kiuno akacheka naye hadi vipimo vikaharibika.

Sindano hakucheka.

Miezi ilivyopita, Pamba alianza kulegea. Akipanda ngazi tatu za mlangoni alisimama kuvuta pumzi. Akibeba ndoo, nusu ya maji ilibaki njiani. Fundi akamwonea huruma. "Acha ndoo, mwanangu. Kaa hapa dirishani, nikufundishe kuzungusha mkono wa cherehani. Sindano ataleta maji."

Kwa hiyo ndoo mbili zikawa nne, na cherehani ya dirishani ikapata mtu. Kuanzia siku hiyo neno "dada" lilipotea mdomoni mwa Sindano. Wivu aliokuwa nao ungetosha kuwasha pasi bila makaa.

Akawa anamchunguza Pamba kama askari wa zamu. Mchana alimwona akipewa kipande kikubwa cha maini; akahesabu. Alimwona akitoka damu puani, akiinamia beseni, na Fundi akimshika paji la uso. Akahesabu, mara nne kwa miezi mitatu. Asubuhi aliona mswaki wa Pamba una wekundu, akakunja pua. Siku moja Pamba alijichoma kidole akishona shati jeupe la karani wa posta. Tone likaangukia kola. Fundi akamfunga kitambaa, kikalowa. Akamfunga cha pili, kikalowa. Pasi ikawashwa, ikapata moto, ikanyoosha suruali tatu, ikapoa, na kidole bado kilikuwa kinavuja.

"Tundu la sindano tu!" Sindano alinong'ona akipita na ndoo. "Mimi nimejichoma mara mia, hakuna aliyenipa pole. Malkia wa damu."

Pamba alimsikia, akazidi kukibana kidole chake.

Lakini kilichomchoma Sindano kuliko vyote kilikuwa zile nyuzi za buluu. Darasani, mwalimu wa afya alikuwa ameandika ubaoni kwamba hedhi huja kila baada ya siku ishirini na nane. Sindano aliandika, akapiga mstari, akaweka moyoni kama sheria. Sasa kwenye kalenda aliona mishono minane, kisha siku tisa tupu, kisha mishono minane tena. Akahesabu kutoka mshono wa kwanza hadi mwanzo mwingine: siku kumi na saba. Akahesabu tena kwa kidole. Kumi na saba. Na mwanzo uliofuata hivyo hivyo.

"Muongo!" alisema peke yake, na moyo ukamruka kwa furaha. "Anajishonea nyuzi ili asiteke maji!"

Angeweza kumuuliza mama yake. Angeweza kumuuliza mwalimu. Lakini mwenye wivu akishapata jibu analolipenda, haulizi swali jingine.

Ijumaa ile Fundi alisema, "Kesho nesi wa kituo cha afya anakuja kujaribu gauni lake la kazi. Nitamwomba aitazame kalenda. Hizi nyuzi za Pamba naona zimekuwa nyingi."

Sindano alimtazama Pamba aliyekuwa amelaza kichwa kwenye meza ya cherehani. Aliona yote kama yameshatokea: nesi anatikisa kichwa, anasema pole, anaandika dawa, maini yanaongezwa, cherehani ya dirishani inakuwa ya Pamba milele, na yeye Sindano anazeeka bombani akiwa na nundu mbili za ndoo.

Alasiri Fundi alikwenda kununua vifungo. Pamba alikuwa amelala chumbani. Sindano alichukua mkasi mdogo, akasogeza kigoda ukutani.

Alikuwa hodari wa kufumua kuliko kushona. Alifumua kundi zima la pili la mishono, akafumua kundi la nne. Makundi matatu yaliyobaki akayapunguza mikia, kutoka siku nane hadi tano. Kila tundu alilisugua kwa ukucha mpaka karatasi ikalala. Nyuzi zilizotoka zilikuwa ishirini na tano. Alizitia kwenye kopo la vifungo vilivyovunjika, akashuka kigodani. Moyoni alijiambia kwamba hajaharibu kitu, amesahihisha tu.

Kesho yake nesi alifika mbiombio, mwanamke mrefu mwenye miwani, akavaa gauni lake ambalo lilikuwa bado na mikono ya kushikizwa kwa pini.

"Usinipunge mkono, nesi, utachomwa," Fundi alisema. "Hebu nitazamie kitu. Huyu binti yangu mkubwa, nyuzi zake ni hizi za buluu. Mimi naona zinamjia mara nyingi mno."

Nesi alisogea ukutani, mikono ameitandaza kama mtu wa kutishia ndege shambani. "Moja, mbili, tatu... siku tano. Hapa tena... siku tano. Kati yake ni mwezi na siku chache. Mbona ziko sawa?"

Fundi akaacha mdomo wazi. Alikaribia, akahesabu, akahesabu tena. "Basi macho yangu yamezeeka. Nilidhani... Pamba, ni hivi kweli?"

Pamba aliitazama kalenda kwa muda mrefu. Kisha alimtazama Sindano, kifuani, karibu na kifungo cha sweta lake. Kisha akatazama miguu yake mwenyewe.

"Kalenda ndiyo inayojua, Mama Mkubwa," alisema kwa sauti ndogo. "Labda nilichanganya."

"Sasa gauni hili la pini siyo chumba cha kupimia mgonjwa," nesi alisema. "Kwa kalenda sioni shida. Lakini simpendi alivyopauka. Akiendelea kulegea, mleteni kituoni, nimwone vizuri."

Alipoondoka, Fundi alikaa akizungusha utepe wake kidoleni. Hakugomba. Alisema tu, "Nadhani nimekudekeza, Pamba. Kuanzia kesho tugawane kazi. Ndoo mbili zako, mbili za Sindano. Na wewe Sindano, njoo uketi dirishani. Nesi anataka gauni Jumatano. Pindo la mkono wa kushoto ni lako."

Sindano aliketi. Kitambaa cheupe kilitolewa, mkono wa cherehani ulikuwa baridi na laini, na jua liliingia dirishani likamwangukia yeye peke yake. Alizungusha kwa nguvu zote. Pindo lilipanda, likashuka, likapinda kama njia ya konokono, naye aliona limenyooka kuliko barabara ya lami. Mama yake, aliyekuwa na haraka, hakulikagua.

Furaha ile haikukaa. Wiki iliyofuata Sindano aligundua kwamba hakuwa na mtu wa kumchunguza. Pamba hakulala tena kwenye meza, wala hakuomba kupumzika. Aliteka maji yake. Alifua vitambaa vyake uani kabla watu hawajaamka, akavianika nyuma ya shuka mahali pasipo na jua. Na kwenye kalenda, pale chini, hapakuwa na uzi hata mmoja mpya.

"Umemaliza uzi?" Sindano alimuuliza.

"Sina cha kushona," Pamba alijibu, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Siku ya tano Sindano alikuwa dirishani akihangaika na uzi uliokatika. Alisikia ndoo ikianguka nje, ikiviringika, ikagonga ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasubiri Pamba apige kelele au acheke. Kilichofuata kilikuwa kelele za mama muuza mkaa: "Fundi! Fundi we, mtoto kaanguka!"

Pamba alikuwa amelala kwenye maji, macho yamefumbwa nusu. Nyuma ya sketi yake, maji yale yalikuwa mekundu.

Hapo Fundi alifanya jambo ambalo mtaa ule unalisimulia hadi leo, na kila mwaka wanaongeza umbali kidogo. Alimtupa Pamba mgongoni kama mtoto mchanga, akamfunga kwa kitambaa cha mita nne cha mteja, akaondoka mbio, utepe wa kupimia ukipepea nyuma yake. Mwenye baiskeli alipitwa. Mbwa waliokuwa wakibweka waliacha, wakapisha njia.

"Leta kalenda!" alimpigia Sindano kelele bila kugeuka. "Nesi ataitaka kalenda!"

Sindano aliing'oa ukutani. Alichukua na kopo la vifungo; hakujua kwa nini, ila miguu yake ilijua.

Njiani alikimbia akiwa ameinyanyua karatasi ile mbele yake kama ngao, na jua lilikuwa upande wa pili. Akaona kitu. Katikati ya visanduku palikuwa na matundu ya vipande vya wateja, yametapakaa hovyo. Lakini chini, kwenye kona za visanduku, kulikuwa na matundu mengine, mawili mawili, yamepangana mstari. Mwanga ulipenya kwenye kila moja. Siku nane zilizopangana. Siku nane nyingine. Nyuzi alikuwa amezifumua, lakini kila mshono ulikuwa umeacha mahali pake.

Aliwaza kuitumbukiza karatasi mtaroni. Mtaro ulikuwa pale, una maji ya kutosha. Angesema imemponyoka. Hakuna ambaye angejua.

Aliuruka mtaro, akaendelea kukimbia.

Kituoni Pamba alikuwa amelazwa, amefunikwa shuka, amefumbua macho. Nesi alikuwa amemvuta kope ya chini akaona ndani ni nyeupe kama karatasi. Alikuwa pia amemtoboa kidole kupima damu, akambana na pamba ya hospitali. Alivaa gauni lake jipya, na mkono wa kushoto pindo lilikuwa likipanda na kushuka.

"Damu yake imepungua sana," alimwambia Fundi. "Haikupungua leo. Ni ya muda mrefu. Lakini kalenda..."

"Kalenda haidanganyi," Fundi alisema, akihema.

"Nesi," Sindano alisema mlangoni. "Iinue dirishani."

"Nini?"

"Iinue kwenye mwanga. Angalia kona za chini."

Nesi aliishika karatasi, akaielekeza dirishani. Fundi alisogea, akaweka kidole kwenye tundu moja, likamwangaza ukucha. Yeye alikuwa amefumua nguo za watu miaka kumi na tisa. Hakuhitaji kuelezwa.

"Nani?" aliuliza, polepole.

Sindano aliweka kopo mezani, akafungua kifuniko. Nyuzi za buluu zilikuwa juu ya vifungo vilivyovunjika.

"Mimi, mama. Nilidhani anadanganya. Mwalimu alisema siku ishirini na nane. Na mimi... nilitaka cherehani."

Fundi aliinua mkono, na kila mtu alidhani kofi linakuja. Mkono ule ulienda kwenye utepe shingoni, ukaushika, ukabaki hapo. Machozi yalikuwa yanamtoka. Kwa Sindano ingekuwa nafuu kupigwa.

"Hasira baadaye, mama," nesi alisema. "Sasa nahitaji ukweli. Kila siku kumi na saba, kwa siku nane. Vitambaa unabadilisha mara ngapi, Pamba?"

"Siku za kwanza, kila saa moja," Pamba alinong'ona.

"Ana damu inayotoka mahali pengine? Puani? Kwenye fizi?"

Fundi alibabaika. "Puani niliona mara moja, au mbili..."

"Mara nne," Sindano alisema. "Ya mwisho ilichukua muda mrefu kuliko kufagia nyumba yote. Mswaki wake una damu kila asubuhi. Ana alama za buluu miguuni na hajagongwa na kitu. Na siku ya shati la karani, kidole kilitoka damu tangu pasi inawashwa mpaka inapoa."

Nesi aliacha kuandika. Alikwenda kitandani, akaitoa ile pamba aliyokuwa amembana nayo Pamba kidoleni. Ilikuwa imelowa kabisa, na tone jipya likajitokeza.

"Umeyajuaje yote haya?" alimuuliza Sindano.

"Nilikuwa namwonea wivu," Sindano alisema, kichwa chini. "Nilikuwa namhesabia."

Kwenye kitanda, Pamba alitoa sauti ndogo. Ilikuwa kicheko. "Mpaka mswaki wangu!"

"Mdogo wangu!" Fundi alisema ghafla, akajipiga paji la uso. "Mama yake huyu. Aling'olewa jino akiwa msichana, akatoka damu siku mbili. Sisi tukalaumu jino!"

Nesi alivuta kiti. "Basi nisikilizeni. Mwalimu wako hakukosea, Sindano, alifupisha tu. Ishirini na nane ni wastani. Kwa wasichana wa umri wenu zinaweza kuwa ishirini na moja, zinaweza kufika arobaini na tano. Miaka ya mwanzo mwili bado unajifunza. Homoni zinazoongoza hedhi ni kama wafanyakazi wapya, hazijazoea kupokezana zamu. Mara nyingi ni hilo tu, na hutulia polepole. Lakini ikija kila mara chini ya siku ishirini na moja, au ikizidi siku saba, au ikilowesha kitambaa kizima kila saa moja au mbili, huyo aletwe hapa. Asioneshe ushujaa."

"Kwa hiyo ni homoni?" Fundi aliuliza.

"Sijasema. Sababu ni nyingi. Wengine ni mawazo. Mtoto kuhama kwao tu kunatosha. Wengine wamekonda au kunenepa ghafla. Wengine ni hii tezi ya shingoni, inakimbia au inajikokota. Kuna dawa zinazosababisha, kuna maambukizi, na kwa wanawake wakubwa kuna mimba iliyopata shida, kuna uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Na kuna wachache ambao damu yao haigandi upesi. Haya aliyoyasema huyu mwenye macho makali yananifanya nifikirie hilo la mwisho. Lakini mimi sipigi ramli. Leo leo anakwenda hospitali kubwa, wakapime."

Alipokuwa akiandika barua, Sindano alisogea kitandani.

"Ulijua," alisema. "Siku ile ulinitazama sweta."

"Uzi wa buluu ulikuwa umenasa kwenye kifungo chako," Pamba alijibu.

"Kwa nini hukusema?"

Pamba aligeuza uso ukutani. "Wewe ni wa pale. Mimi nimekuja na mto. Ningekusema, nani angerudishwa?"

Sindano alitafuta neno la kujibu, yeye ambaye hajawahi kukosa neno. Alipata moja tu, lile alilokuwa amelificha kwa miezi.

"Dada," alisema. "Nisamehe."

Hospitali kubwa walimwongezea Pamba damu, wakampima kwa siku kadhaa. Daktari alieleza kwamba yalikuwa mambo mawili yaliyokutana: mwili wake ulikuwa bado unajifunza, ndiyo maana hedhi ilikuja ovyo, na damu yake ilizaliwa na upungufu wa kile kinachosaidia kuganda, ndiyo maana ikija haikomi. Haikuwa laana, haiambukizi, wala si kosa lake. Alipewa vidonge vya kuongeza damu, na dawa ya kutumia siku zake zikifika. Akakatazwa kumeza aspirini. Mama yake naye, huko mbali, alipigiwa simu akapimwe.

Miezi miwili baadaye mashavu ya Pamba yalikuwa yamerudi. Hedhi yake sasa ilikuja kwa siku sita, na katikati kulikuwa na siku ishirini na zaidi bila uzi. Sindano ndiye aliyeteka ndoo zote nne kwa muda huo, na hakuna aliyemsikia akilalamika, ingawa mama muuza mkaa anaapa kwamba mikono yake ilirefuka hadi magotini.

Jumamosi moja nesi alipita na gauni lake mkononi. "Fundi, mimi si mtu wa lawama," alisema, "lakini wagonjwa wananiuliza kama mkono huu umevunjika."

Fundi aliliangalia pindo la kushoto, akacheka mpaka cherehani ikatikisika. Kisha akampa Sindano mkasi mdogo. Mkasi ule ule.

"Kaa hapa. Fumua."

Sindano alifumua, mshono mmoja mmoja. Mama yake alikaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliongea jambo lile.

"Mwanangu, uliona pua, uliona mswaki, uliona kidole. Mimi mtu mzima ninayemlea sikuviona vyote hivyo. Macho yako ni mazuri. Tatizo ni kwamba ulikuwa unatazama alichopewa mwenzako, hukutazama kinachompata. Na mimi nina kosa langu: niliiamini karatasi kuliko uso wa mtoto uliokuwa mbele yangu. Kuanzia leo, nyumba hii, mtu akisema anaumwa tunaanza kwa kumwamini. Akiwa anadanganya, tutakuwa tumepoteza safari moja ya kituoni. Hiyo naiweza."

"Ndiyo, mama."

"Na chochote cha mwili wako usichokielewa, uliza. Usijipigie hesabu mwenyewe."

Sindano alimaliza kufumua. Alikunja pindo upya, akataka kulishikiza kwa pini, kisha akasimama, akaivuta cherehani ndogo katikati ya dirisha na kuleta kigoda cha pili.

"Dada Pamba," aliita. "Mimi nitazungusha. Wewe ongoza kitambaa, maana mimi napinda."

Pamba alikuja, akaketi. Kabla ya kuweka kitambaa chini ya sindano, alifungua kiganja. Kulikuwa na kijiti kidogo kilichozungushiwa uzi wa kijani.

"Nimekuwekea," alisema. "Siku yako ikifika, usije ukaniibia wa buluu."